Shaabani ya kaskazi

Jumapili, 8 Februari 2026, Ngamiani, Tanga

Shaabani imepita nusu, kaskazi bado inavuma, na jua la Tanga halina huruma. Kwa mwenye magodoro ya kuanika, hakuna neema kubwa kuliko hii. Tangu Ijumaa nyumba yetu iko nje: vitanda vimesimamishwa ubavu ukutani, mikeka imetandazwa uani, sanduku la marehemu mama liko koridoni mfuniko wazi, na anayekwenda bafuni inabidi aruke masufuria. Wapita njia wanachungulia toka barazani na kuuliza kama tunahama. Hatuhami. Ramadhani inakuja, na kabla ya vunja jungu nataka kila kitu kiwe kimerudi mahali pake, au kimepata mahali pengine.

Si kila Shaabani inatupa jua hili. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na kuzunguka majira yote huchukua kama miaka 33. Mwaka 2021 na 2022 Shaabani ilituangukia Machi, masika ikiingia. Magodoro yalikuwa yakitolewa asubuhi na kurudishwa ndani mbio adhuhuri, yakiwa na unyevu kuliko yalivyotoka. Sasa mwezi umerudi kwenye kaskazi, pale ulipokuwa mwaka 1993 na 1994, mimi nikiwa mtoto wa shule ya msingi na mama akiwa na nguvu zake. Wanaopiga hesabu wanasema mwaka 2030 tutafunga mara mbili, Januari na tena Desemba ikiisha. Mungu akitupa uhai tutatoa vitanda nje mara mbili.

Godoro la mama ni la sufi, na sufi haitaki haraka. Tulifumua mshono wa upande mmoja, tukaimwaga yote juu ya jamvi na kuifunika chandarua kikuukuu, maana kaskazi ikiikuta wazi itaipeleka mtaa wa pili. Sufi iliyolaliwa miaka mingi hujikusanya ikawa mabonge magumu. Ukilishika bonge unasikia ubaridi ndani yake hata jua likiwa la saa sita. Ule ni unyevu iliokunywa. Unalichana kwa vidole, polepole, mpaka lifumuke, na mbegu nyeusi zilizosalia zinadondoka jamvini. Mimi na binti yangu tulijifunga kanga puani, vumbi lake hukereketa koo. Alasiri ilipofika sufi yote ilikuwa imeumuka kama unga wa maandazi, na tulipoirudisha kwenye kitambaa chake haikuenea. Iliyozidi imejaza mito ya watoto.

Mwaka ule wa 1993 kazi yangu ilikuwa kuokota mbegu. Mama alikaa kwenye kigoda akichambua, shangazi mbele yake, na midomo yao haikupumzika: nani mtaani amefiwa, nani amejifungua, binti wa nani anaolewa mfungo sita, mume wa nani kaenda baharini na hajatuma kitu. Mtoto ungesema wanapiga soga tu. Lakini jioni ilipofika kitanda cha kamba kilikwenda kwa yule aliyeletewa mgeni mgonjwa, beseni na vitambaa vya mtoto vikaenda kwa mzazi, sufuria kubwa ikavuka barabara kwa mama mwenye arusi. Hakuna aliyetangaziwa. Walikuwa wanasafisha nyumba na kupitia mtaa mzima kwa wakati mmoja, na hiyo ya pili ndiyo iliyoamua kitu gani kitoke na kiende wapi. Siku hizi naona watu wanaanza na mfuko mkubwa mlangoni, wanaujaza, kisha ndio wanauliza nani wa kumpelekea. Mimi naona tumeanzia mwisho.

Shangazi amekuja kukaa nasi Shaabani hii. Ana miaka sabini na kitu, tundu la sindano halioni tena, ila vidole vyake havikosei. Jana alikaa barazani, furushi la nguo za watoto mapajani, akipitisha kidole gumba kwenye kola, kwenye kwapa, kwenye upindo. Shule zilifunguliwa Januari na wanangu wamerefuka, kwa hiyo lililojaa zaidi ni sare: mashati meupe, kaptula na sketi za bluu.

"Hili la nani?"

"Langu, bibi," alisema kijana wangu wa pili. "Limenibana."

"Kwapa limeachia. Na vifungo viwili havipo."

"Watashona wenyewe huko liendako."

"Huko liendako wana sindano kuliko sisi?"

Kijana akanyamaza. Shangazi akalikung'uta shati, akalinyoosha juu ya goti.

"Jumatatu livae wewe, uende nalo hivi hivi shule."

"Aa, bibi, watanicheka."

"Basi nani uliyemchagulia achekwe?"

Aliliweka kando, akaagiza kopo la vifungo. Tulikaa mpaka magharibi. Mimi natunga uzi, yeye anashona kwa kupapasa, kijana anakagua zilizobaki na kutuambia kipi kimepungua. Kila shati limefuliwa kwa buluu, limepigwa pasi, limekunjwa kwa kimo. Yaliyochanika vibaya hayakwenda kwa mtu yeyote. Yamekatwa matambara, na ndiyo tuliyosugulia madirisha leo.

Hili si la shangazi peke yake. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, walioamini wanaambiwa watoe katika vizuri walivyovichuma, wala wasikusudie kutoa kibaya ambacho wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kukifumbia macho. Ningependa aya hiyo isomwe kila nyumba inapofunguliwa makabati mwezi huu. Mlezi wa kituo kimoja cha yatima aliwahi kunionyesha chumba wanachowekea mizigo inayoshushwa Shaabani ikikaribia kuisha. Palikuwa na viatu vya mguu mmoja, suruali zisizo na zipu, shuka zenye madoa ambayo sitayaeleza, kikapu cha dawa zilizopita muda. Walezi wawili walikuwa wakichambua tangu asubuhi, kazi ambayo ingefanywa na wenye vitu nyumbani kwao, wakati watoto wenyewe wanawasubiri. Magari yaliyoleta yalishaondoka, na walioleta walishajiandikia thawabu. Mimi nasema huko si kutoa, ni kuhamisha takataka kutoka kwa mwenye nafasi kwenda kwa asiyekuwa na uwezo wa kukataa. Linaniuma kila mwaka na sioni haya kulisema.

Sanduku la mama lilihitaji moyo. Alifariki miaka michache iliyopita, na baada ya arobaini shangazi ndiye aliyegawa nguo zake. La kanga akaliacha kwangu. Humo mna doti nyingi ambazo hazijawahi hata kukatwa, baadhi zikiwa za Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa mwaka 1968, na rangi zake bado zinang'aa. Harufu ya udi aliokuwa akifukizia imebaki pembeni mwa sanduku. Lakini doti mbili za chini kabisa zimeoza kwenye mikunjo. Nilipozikunjua nyuzi ziliachana palepale penye mstari, taratibu, bila mtu kuvuta. Kanga ambayo haijavaliwa hata siku moja, imekwisha.

Nawajua wanaoona kuwa kugawa vya marehemu ni kumsahau, na sitabishana na mtu juu ya msiba wake. Kwangu mimi, mama alizinunua hizi zivaliwe. Alikuwa mtu wa kuingia dukani akachagua doti, tayari anajua kipande kimoja ni cha nani. Jana usiku nilimpigia dada yangu aliye Muscat, nikamwonyesha kwenye simu moja moja. Tulilia kidogo, tukacheka zaidi, maana kila kanga ina arusi yake au ugomvi wake. Amechagua moja ya kisutu, na nimeikata: kipande chake atakibeba mtu anayesafiri wiki hii, kipande changu nimejifunga sasa hivi ninapoandika. Jirani wa nyumba ya nyuma aliyejifungua juzi amepata doti nzima, ya kumbebea mtoto na kujifunika. Binti yangu amepewa aliyoitaka. Shangazi hakutaka hata moja, akasema zake zinamtosha, kisha akanyoosha mkono akachukua ile ya zambarau, na nimefurahi kuliko anavyojua.

Jikoni sikukaa sana. Makopo yasiyo na mifuniko yametoka, glasi za wageni zimeshushwa kabatini ziwe za futari ya kila siku, sinia na makawa yamesuguliwa. Nyuma ya kabati nilikuta mfuko wa rambo uliojaa rambo, zote zimeoshwa na kukunjwa. Mama alizihifadhi kabla ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya 1 Juni 2019. Majirani wengi taka za namna hiyo huziwasha moto uani jioni, na mtaa mzima unavuta moshi wa plastiki, wenye pumu wakiwa wa kwanza. Zangu zimefungwa kwenye kiroba zinasubiri gari la taka. Madaftari ya mwaka jana yamechukuliwa na mama muuza karanga wa kona, aliyeyaomba mwenyewe. Majamvi mawili yamekwenda madrasa.

Uani ndiko nilikoshinda leo, na huko sitaki mtu apapuuze, kwa kuwa kaskazi ikigeuka masika iko nyuma yake. Mwaka 2019 homa ya dengi iliipiga Dar es Salaam vibaya, na Tanga nayo haikusalimika. Mbu wake, Aedes, huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi kukukinga naye. Hahitaji bwawa. Anatosheka na ndoo iliyopasuka ukingo, kopo, kifuu cha nazi, tairi, sahani ya chini ya ua la kopo. Hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake hugandia pale na kustahimili ukavu kwa miezi. Mvua ikinyesha, maji yakipanda yakayafikia, yanaanguliwa. Maana yake ndoo uliyoiona kavu uani tangu vuli huenda tayari imebeba mbu wa masika. Kumwaga maji peke yake hakuondoi kitu. Inabidi usugue kuta za chombo kwa brashi na sabuni, hasa pale penye mstari wa maji ya zamani. Hivyo ndivyo tulivyofanya, pipa kwa pipa, na wavulana ndio waliosugua. Sijui ni nani aliyeamua kwamba usafi wa Shaabani ni wa wanawake.

Palikuwa na matairi matatu nyuma ya choo. Kijana mmoja aliyekuja kusaidia akashauri tuyarushe kwenye kile kiwanja kitupu upande wa pili wa ukuta, kama wanavyofanya wengine. Nikamwuliza nani wanaocheza mpira mle. Anajua, ni wadogo zake. Mbu atakayezaliwa mle hatauliza tairi lilikuwa la nani, na mimi nitakuwa nimejisafishia kwa kuwachafulia watoto wa watu. Fundi wa makatambuga amekuja na baiskeli akayachukua yote. Chuma cha kitanda kilichovunjika, bati lenye kutu na pampu ya zamani vimepimwa kwa mizani ya yule wa vyuma chakavu, na fedha zake nimempa kijana wangu wa pili akanunue vifungo vyeupe, maana kopo la shangazi limeisha na sketi bado hazijaguswa.

Pipa la maji ya kunywa lina mfuniko mpya unaokaza. Vifuu vimepangwa jikoni mahali pakavu, vya kuwashia moto wa futari. Imebaki gata ya bati upande wa barabarani; imejaa majani ya mwarobaini na maji yakituama mle kazi yote ya leo ni bure. Nimeazima ngazi ya jirani, ataileta kesho baada ya alfajiri.