Chumvi ya mchu na protini zinazoshikana

Ukipita Mkanda, ule mkondo wa bahari wa Lamu, na mashua, chuma jani la mchu ulilambe. Chumvi tupu. Mchu huitoa kwa majani, mkoko nao waizuia nyingi huko huko mizizini. Lakini kabla chumvi ifike jani kuna kazi yafanyika ndani ya seli, na hiyo ndo nasomea.

Yanayojulikana vizuri yametoka kwa Arabidopsis, kajimea kadogo ka maabara. Chumvi ikizidi, kalisiamu yapanda ndani ya seli, protini inaitwa SOS3 yaidaka, alafu yaenda kumshika SOS2. Huyu SOS2 peke yake hafanyi kitu manake ana mkia unaomziba mwenyewe, mpaka SOS3 aushike ule mkia ndo afunguke, waende wote wawili ukingoni mwa seli wamuamshe SOS1, naye aingize hidrojeni atoe sodiamu, ile ya chumvi, nje. Sasa hapo ukisoma protini moja moja utaelewa nini?

Kuona zimeshikana, twachukua protini inayong'aa manjano (asili yake konyeza, wallahi), twaikata mbili, nusu kwa SOS2 nusu kwa SOS3. Nusu peke yake haiwaki, zikikutana zawaka. Jeni za protini hizo twazitia ndani ya Agrobakteria, bakteria anayeingiza jeni kwenye mimea, alafu sirinji isiyo na sindano waibonyeza chini ya jani la benthamiana, jamaa ya tumbaku kutoka Australia, na utaliona jani lalowa taratibu hadi rangi yakoza. Siku mbili tatu hivi walipeleka jani kwa darubini. Kwani si ufanye kwa mchu wenyewe? Jani lake gumu, maji hayapenyi. Ami yangu, mkata boriti wa zamani, hilo hajalikubali, asema mchu wapimwaje kwa tumbaku.

Ila mimi ugomvi wangu ni na hizi picha za manjano. Watu wazipenda mno! Zile nusu zikishashikana haziachani tena, na benthamiana hutengeneza protini kwa wingi kupita kiasi, kwa hivyo hata zisizojuana zaweza kugongana zikawaka. Nionyeshe na SOS2 iliyokatwa mkia, kama nayo yawaka basi picha yako haina maana. Alafu saga jani, vuta SOS2 kwa antibodi, protini inayoinasa hiyo, tuone SOS3 yaja nayo au la.