Udongo wa kichuguu

Jumamosi mvua ya kwanza ilidondoka hapa Mwanga, Kigoma. Haikuwa ya kulowesha. Matone manene yalipiga vumbi kama dakika kumi, yakakoma. Nilikuwa naanua nguo. Harufu ile ilipopanda kutoka ardhini, mate yalinijaa mdomoni hadi nikasimama, nikameza. Miaka yote hii, na mwili bado haujasahau.

Wifi yangu alikuwa kizingitini anachambua dagaa. Mimba yake ina miezi mitano. Naye aliinua pua. Nikauona mkono wake ukienda kwenye pindo la kanga, ukalishika, ukaliachia.

"Wifi, unakula udongo?"

"Hapana, wifi." Alijibu upesi, macho yakiwa kwenye ungo.

Jibu hilo nalijua. Niliwahi kulitoa mimi, kwa sauti hiyohiyo.

Wengine hununua sokoni ule uliookwa. Mimi nilikula wa kichuguu, nikibandua mwenyewe njia ya kwenda Katubuka, alfajiri, ukiwa bado na ubaridi wa umande. Niliuficha kwenye kopo la maziwa ya unga, uvunguni. Mume wangu hakujua. Mama mkwe, nadhani, alijua akanyamaza. Kliniki walinitoboa kidole, wekundu wa damu ukasoma 8.6, na mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu. Nesi akauliza, kalamu imeshaelekea kwenye kadi: "Udongo huli, eh?" Nikasema sili. Akaandika. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika nje ya mlango, simlaumu.

Nilipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, kimoja kila siku. Vidonge vilinitia kichefuchefu, choo kikawa cheusi, nikaogopa. Siku nilizovimeza, nilivishushia na chai ya rangi, kumbe chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Bora ningevimeza na maji na kula chungwa. Mengine yote niliyafuata. Kwenye chandarua nililala, SP, vidonge vya kukinga malaria, nilimeza palepale mbele ya nesi kila nilipopewa. Ni lile kopo tu.

Mimba ilipofika mwezi wa nane nikasoma 7.9. Wakanikataza kujifungulia zahanati, wakasema niende hospitali, na familia iandae mapema watu wa kutoa damu. Mama mkwe akaanza kunipikia kisamvu cha mawese na dagaa kila siku. Watu wa damu tulisema tutawatafuta. Hatukuwatafuta.

Katikati ya Novemba 2016 uchungu ulinishika magharibi. Saa saba usiku mtoto akalia.

Nilichomwa sindano pajani, kondo la nyuma likatoka, nikajua yameisha. Kisha nikasikia uvuguvugu unaenea chini yangu, taratibu, kama mtu amemwaga maji ya kuoga pembeni yangu. Haukuuma hata kidogo. Mkunga alikuwa amenipa kisogo anamfunika mtoto. Alipogeuka hakunitazama usoni, alitazama kitenge. Kilikuwa kitenge changu cha njano, nilichokiweka akiba kwa siku hiyo, na njano yake ilikuwa inazidi kupungua.

Hakupiga kelele. Aliweka kiganja chini ya kitovu changu akaanza kukanda, kwa nguvu ambayo sikujua mkono wa mwanamke mwembamba vile unayo. Hapo ndipo nilipolia. "Kizazi kimelegea," alimwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Mwenzake akaja na dripu na sindano nyingine. Mtoto akalazwa kifuani kwangu, mdomo wake ukaelekezwa kwenye titi. "Anyonye. Akinyonya, kizazi kinabana." Mkono wake haukutoka tumboni. Masikio yangu yakaanza kuvuma kama ufukweni Kibirizi upepo ukigeuka. Dirisha lilikuwa jeupe kwa mbalamwezi, nikawa nalitazama hilo tu, nikaona linakwenda mbali.

"Mama, usilale. Nitazame. Ulikuwa unakula udongo?"

Sikuwa na nguvu ya kudanganya. "Ndiyo."

"Wa wapi?"

"Kichuguu."

"Hata mimi," akasema, bado anakanda. "Mimba yangu ya kwanza. Wa kichuguu hivyohivyo."

Akauchukua mkono wangu, akauweka chini ya kitovu, wake juu ya wangu, akabonyeza. "Unasikia? Sasa kimekuwa kigumu kama embe bichi. Kikilegea kama lililoiva, sugua uniite. Usingoje." Nilikaa hivyo, mkono mmoja tumboni na mwingine mgongoni kwa mtoto, nikilisikiliza embe. Sijui ni muda gani. Nikiulizwa kujifungua ni nini, kinachonijia ni mkono ule juu ya mkono wangu.

Nje, mume wangu aliambiwa kuna chupa moja ya kundi langu, na zinahitajika nyingine mbili. Alikimbia hadi Kibirizi. Mnaoijua Kigoma mnajua dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa taa hazina kazi, nyavu huanikwa na wanaume hulala majumbani. Na mwezi wa wiki ile ulikuwa umejaa kuliko kawaida, hata redioni walikuwa wakiuzungumzia. Akagonga milango, wakatoka sita. Walipimwa kundi, wakapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende, wakabaki wawili. Mmoja wao hadi leo tukikutana sokoni mwanangu humwita mjomba, na sijamsahihisha.

Siku nyingine huwa nahesabu. Kama uchungu ungechelewa wiki mbili, lingekuwa giza, na wote sita wangekuwa katikati ya ziwa. Huwa sifiki mwisho wa hesabu hiyo.

Kabla sijaruhusiwa, mkunga yule alikuja kuketi kitandani kwangu, akanieleza nilichokuwa sijawahi kuelezwa. Udongo si uliosababisha kizazi kulegea. Kizazi kinaweza kulegea kwa mwanamke yeyote, ndiyo maana wanasisitiza tujifungulie penye sindano na mikono ya kukanda. Ila damu ambayo mwenye 12 angeipoteza akainuka akanywa uji, mwenye 7.9 inamlaza. Na udongo hukamata chuma cha chakula tumboni kisifike kwenye damu, na wakati mwingine huja na mayai ya minyoo. Kisha akasema jambo ambalo bado nalizungusha kichwani: damu ikipungua, yenyewe huleta hamu ya udongo. Kwa hiyo mwanamke anayebandua kichuguu alfajiri huenda tayari ni mgonjwa, na sisi tunamwona mlafi, naye anajiona hivyo, anaficha kopo.

Nimejiuliza mara nyingi: yule nesi wa kliniki angeniuliza vingine, ningesema? Wakati mwingine najibu ndiyo. Wakati mwingine namkumbuka mama mkwe, mume wangu, foleni iliyokuwa inasikiliza, na siwi na uhakika.

Jumamosi niliweka kapu la nguo chini, nikakaa kizingitini na wifi yangu, nikavuta ungo tukachambua wote. Nikamwambia wangu ulikuwa wa kichuguu cha njia ya Katubuka, na kopo lilikuwa la maziwa ya unga, uvunguni upande wa ukutani.

"Wako wa wapi?"

Alichambua dagaa wengi kabla ya kujibu. Kisha akalifungua pindo la kanga.

"Wa sokoni," akasema. "Usimwambie mama."

Kipande kilikuwa na alama ya meno. Mate yalinijaa tena, naye aliona nikimeza. Sikumwambia akitupe. Nilimuuliza wekundu wake wa mwisho ulisoma ngapi, akasema 9.4. Nikamuuliza kundi lake la damu. Hakulijua. Jumanne tunakwenda kliniki wote wawili, na kipande tunakwenda nacho.