Sura ya nne iliyonigomea miezi saba, hatimaye imekwisha

Riwaya yangu ya kwanza inaanza Januari 1964, wiki ya maasi ya askari wa Tanganyika wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, ile tunayoiita Lugalo leo. Tarehe nilikuwa nazo zote: Jumatatu ya tarehe 20 maasi yalipoanza, Jumamosi ya tarehe 25 makomando wa Uingereza walipoyazima. Lakini wahusika wangu walizungumza kama taarifa ya habari. Wamekauka!

Nikaongeza kusoma magazeti ya zamani. Sura ikazidi kukauka. Nikabadili msimulizi, wapi. Nikaenda kwa wazee na simu ya kurekodi, nikiuliza, "Ilikuwaje?" Wote walinijibu yaleyale ya vitabuni.

Siku moja Magomeni simu ikazima chaji. Nimekaa jamvini, bibi anachambua mchele, mimi sina la kufanya. Nikamuuliza tu, "Bibi, siku ile mlikula nini?"

Akaacha ungo. "Mihogo ya jana, mjukuu wangu. Maduka Kariakoo yamefungwa, nani angetoka? Mama alitukataza hata kutwanga, kinu kisisikike nje."

Kinu kisisikike! Hicho hakimo gazetini.

Tangu hapo simu inabaki mkobani. Nasalimia, nasaidia kuchambua mchele (vibaya, nachekwa), kisha naanzia jikoni: chakula, maji, nani alilala wapi. Naandika nikishapanda daladala, kabla sijasahau. Sura imeandikwa kwa siku tisa, na inaanza na kinu kilichofunikwa kanga.