Majirani wa mawe ya Mwanza

Nimetoka Mombasa kuja kuishi Mwanza, na huu mwezi wa nne bado ninayastaajabia mawe ya jiji hili, yaliyopandana vilimani kana kwamba yamepangwa kwa mkono, huku nyumba za watu zikijibanza katikati yake. Nyuma ya chumba nilichopanga kuna jabali kubwa, na kila asubuhi jua linapochomoza, pimbi hutoka nyufani na kulala kifudifudi kuota jua kabla ya kwenda kutafuta majani. Nilidhani ni panya wakubwa, mpaka mama mwenye nyumba aliponiambia, "Huyo si panya, mwanangu, huyo ni ndugu wa tembo."

Nilisoma, nikakuta ni kweli. Meno yake mawili marefu ya juu ni ya mbele, kama yalivyo meno ya tembo, na nyayo zake zina ngozi laini yenye unyevunyevu, ndiyo maana jana nilimwona mmoja akipanda upande wa jabali uliosimama wima pasipo kuteleza hata mara moja.

Jumapili nilivuka kwa boti hadi Saanane, kisiwa ambacho ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013. Huko mjusi dume mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu alisimama hatua mbili kutoka miguuni pangu, akitikisa kichwa juu na chini, nami nikabaki kimya hadi alipoondoka mwenyewe.