Nilivyopata vitabu vya isimu nikiwa Moshi hapa hapa, bila kwenda Dar wala kuuza mbuzi

Kila nikiuliza watu wapi nitapata kamusi fulani au kitabu cha sarufi najibiwa "si ugoogle tu". Mwingine anasema panda basi nenda Dar, chuo kikuu wanavyo vyote. Wa tatu ndo aliniudhi kabisa, eti kamusi ni kamusi, nunua yoyote. Sasa mimi natafsiri kwa kulipwa, naishi Moshi, na leo nina rafu ya vitabu vya lugha ambayo mpaka walimu wa vyuo wanakuja kuazima (na wengine hawarudishi, mnajijua), kwa hiyo leo acheni niongee.

Tuanze na huyo wa kamusi ni kamusi. Krapf, mmisionari Mjerumani, alikuwa Mombasa na Rabai, kamusi yake ikatoka London 1882, ukiokota neno humo jua umeokota Kimvita, lahaja ya Mombasa, lipeleke kwa mteja wa Dar uone atakavyokukodolea macho. Johnson wa 1939, kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza, kaja wakati Kiunguja kimeshachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo kikuu Dar) ya 1981 ni Kiswahili kwa Kiswahili. Hizo ni kazi tatu tofauti, nami nazitumia zote, ila sizichanganyi.

Johnson wangu nilimpata kwa muuza vitabu vya mitumba, kapanga chini kwenye turubai, riwaya za Kiingereza zimepauka na vitabu vya hesabu vya kidato cha pili. Kitabu hakina jalada, hakina ukurasa wa jina, mgongo umeshikwa na selotepu. Jamaa akaniambia, "Mwalimu, hii ni Oxford mpya kabisa, toa kumi na tano." Mpya! Karatasi ina rangi ya chai. Mimi sikubishana, nikafungua kwenye P. Maelezo Kiingereza, na pendwa, pendana, pendeza zote zimebanwa ndani ya penda, hazina mlango wao. Hapo nikajua ni Johnson au mkubwa wake Madan, mtunga kamusi aliyemtangulia, maana TUKI wanatenga mzizi kwa nukta, pend.a, na wanakuwekea vifupisho vya Kiswahili, kt (kitenzi) na nm (nomino). Nikarudi mbele, ukurasa mmoja wa dibaji umebaki unaitaja Kamati ya Lugha, ambayo enzi za Madan haikuwepo, basi, ni Johnson huyo. Uso nikaukausha kama sijaona kitu, nikalalamikia selotepu, nikatoa kama elfu saba hivi na soda. Ukienda kwa hawa jamaa usionyeshe furaha kabla hujalipa, na usiwaambie kitabu ni cha zamani kwa sababu siku hizi wameshajua "zamani" ni hela.

Kuagiza nje ndo sitaki hata kuongelea lakini ngoja niongelee. Nilikuwa nautaka ule mzigo wa Guthrie, mwanaisimu Mwingereza, Comparative Bantu, juzuu nne zilizotoka kati ya 1967 na 1971, ndo huyu aliyezipa lugha za Kibantu zile namba, Kiswahili G42, Vichaga vipo kwenye E60. Wakala mmoja akanihakikishia anao mtu Uingereza, seti nzima, nitume hela kidogo kidogo. Nikatuma. Miezi ikakatika, kila nikipiga "mzigo upo bandarini braza", mara ukawa upo airport, sijui ulitoka melini ukapanda ndege. Mwisho kikaja kiboksi, ndani juzuu ya 4 peke yake. Kwa asiyeijua, ya 3 na ya 4 ni katalogi ya mashina ya maneno, na faharisi ipo kwenye ya 2. Yaani nililetewa nusu ya katalogi, tena bila ufunguo! Nikimuuliza ananiambia "si Guthrie huyo huyo?" Huyu na yule wa kamusi ni kamusi nadhani walisoma darasa moja.

Sasa nije kwenye kitu ninachojivunia. Nilikuwa nataka sarufi ya Kimochi, Kichaga cha hapa hapa nyumbani. Nimetafuta mtandaoni usiku na usiku, bando linakatika, nikiandika Chaga napata picha za mlima na mapishi ya mtori, nikiandika Moshi napata hoteli. Watu wakaniambia haipo, Kichaga hakijawahi kuandikiwa sarufi. Mimi nikakaa nikawaza, hawa wazungu wa zamani walioishi Old Moshi na kuandika wengi walikuwa Wajerumani, na Mjerumani akisikia "cha" au "ja" haandiki kama sisi. Nikaweka Dschagga. Afu badala ya Moshi nikaweka Moschi. Jamani! Vikafunguka. Gutmann na sheria za Wachaga, 1926. Na chini yake kidogo, Raum, 1909, Berlin, sarufi ya lugha ya Kichaga, na kwenye mabano kabisa imeandikwa lahaja ya Moschi. Miaka zaidi ya mia kitabu kipo, kinaitwa kwa jina la mji wangu, ila kwa spelingi yao. Tangu hapo sitafuti kitu cha zamani kwa spelingi moja, Kiswahili chenyewe naandika na Suahili na Suaheli, na jina la mwandishi naliweka kabla ya jina la kitabu.

Skani nikaipata, nikaenda stesheneri kuprinti. Kijana akaangalia idadi ya kurasa akaniangalia mimi, "Meku, yote hii?" Tukaelewana bei ya jumla, pande mbili, na spairo. Hapo mwambieni asitumie ile "fit to page" maana herufi zina vialama juu na chini, zikibanwa vinapotea, na bila vialama sarufi hiyo haina maana.

Kijerumani je? Hapa Moshi unakosa vingine vyote lakini hukosi mwongoza watalii anayejua Kijerumani. Nina jamaa anapandisha wageni mlimani, low season hana kazi, nikamwita kwa nyama choma. Akasoma ukurasa wa kwanza wa dibaji akaweka kitabu chini. "Kaka, hiki Kijerumani cha babu zao, wageni wangu wenyewe hawaongei hivi." Lakini akajikaza, na kusema kweli majedwali ya ngeli na vitenzi hayahitaji Kijerumani, ukishajua maneno ishirini thelathini ya kisarufi unatembea mwenyewe.

Nikapanda nayo Old Moshi, kule juu Kidia, kwa mzee mmoja anayenifahamu. Shikamoo, marahaba, nikaanza kumsomea safu ya maneno. Alicheka mpaka akavua kofia. Akaninyang'anya penseli, akavaa miwani, akaanza kutia alama mwenyewe: hili tunasema, hili alikuwa akisema bibi yangu, hili huyu mzungu alisikia vibaya. Kitabu changu sasa kina penseli ya mzee pembezoni kote na sikiuzi hata uje na dola.

Makala ni rahisi kuliko vitabu. JSTOR, ile hifadhi ya makala za kitaaluma mtandaoni, ukijisajili bure unasoma kwenye skrini, ndo nilikosomea ile ya Bresnan na Lioba Moshi ya 1990 iliyotumia Kivunjo, Kichaga cha upande wa Vunjo, kuonyesha jinsi lugha za Kibantu zinavyotofautiana kwenye yambwa (kile kinachotendwa kwenye sentensi). Dunia nzima ya isimu inaijua Kivunjo, nenda Himo uulize. Na maktaba ya mkoa msiidharau, kiingilio kidogo tu, Ashton wa 1944, ile sarufi ya Kiswahili kwa Kiingereza, nilimsomea kwanza huko kabla sijapata wangu.

Bado naitafuta ile ya Nurse ya 1979 kuhusu uainishaji wa lahaja za Kichaga, ilitolewa Hamburg, fotokopi sitaki, nataka kitabu chenyewe. Na mwenye juzuu ya 2 ya Guthrie anicheki, nina Ashton mbili, moja nzuri kabisa naitoa, na nauli ya mzigo juu yangu. Mawakala msinipigie.