Upepo Usio na Msimu: Wiki Yetu ya Gofu Uskoti

Mimi na wenzangu saba tumecheza gofu kwa miaka mingi katika uwanja wa Mombasa, ule ulio juu ya jabali la matumbawe karibu na kivuko cha Likoni, ambako mpira uliopigwa vibaya huweza kuishia baharini. Kwa hiyo tulipopanga safari ya Uskoti mwezi Juni, tulijihesabu kuwa watu wanaoijua gofu ya pwani. Tulikosea, na kosa lenyewe lilikuwa chini ya miguu yetu.

Uwanja wa linksi hauitwi hivyo kwa sababu tu bahari inaonekana. Jina hilo ni la ukanda wa mchanga ulio kati ya ufuo na mashamba, wenye vilima vidogo vidogo, nyasi nyembamba na vichaka vya miiba, ardhi ambayo haikufaa kulimwa bali kulishia kondoo. Mchanga hunyonya maji ya mvua upesi, ardhi hubaki ngumu, na mpira ukitua hudunda na kubingirika mbali, jambo ambalo kwetu hulioni ila wakati wa ukame mkali.

Tulifika St Andrews Jumamosi jioni. Uwanja mkongwe, Old Course, hauchezwi gofu Jumapili. Siku hiyo wenyeji hutembea humo na mbwa wao kana kwamba ni bustani ya mji, nasi tukaungana nao. Kwenye shimo la 14 nilishuka ndani ya banka, yaani mtego wa mchanga wa kunasa mipira, inayoitwa Hell, yaani Jehanamu, na nilipofika chini sikuiona tena bendera. Kuta za banka nyingi za pale hujengwa kwa mabamba ya nyasi yaliyopangwa moja juu ya jingine kama matofali. Niliukandamiza ukuta mmoja kwa kiganja, haukubonyea hata kidogo.

Nafasi ya kucheza hapo tuliitafuta kwa kura, ambayo huchezeshwa siku mbili kabla. Tuliandikisha makundi mawili ya watu wanne. Kundi letu likapata Jumanne. Wenzetu wakakosa, wakaenda kucheza New Course, uwanja ambao upya wake ni wa mwaka 1895. Mpaka leo hawajatusamehe.

Jumanne hiyo, kwenye shimo la tano, nilipiga kipigo kizuri kuliko vyote vya safari, kikaenda moja kwa moja kwenye bendera isiyo yangu. Grini, yaani viwanja vya nyasi fupi vyenye shimo na bendera, saba za Old Course hutumiwa na mashimo mawili mawili, na namba za kila jozi ukizijumlisha unapata 18. La tano linashiriki grini na la 13. Kedi wangu, yaani mbebaji wa fimbo zangu, mzee mkimya, alinieleza kwa upole kwamba bendera nyeupe ni za kwenda na nyekundu ni za kurudi, kisha akanikabidhi fimbo ya kusukumia mpira. Nilihesabu hatua hadi kwenye shimo langu: zilipita hamsini.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuacha kurusha mipira juu. Sisi watu wa pwani tumezoea pepo zenye ahadi: kusi ina miezi yake, kaskazi ina miezi yake, na mtu huweza kulenga akiwa na imani. Pale tulianza na upepo mgongoni, tukageuza kurudi tukijiandaa kuupokea usoni, kumbe umeshahamia ubavuni. Kila mpira niliourusha juu ulichukuliwa. Kila niliousukuma chini chini kwa fimbo ya chuma namba saba, toka mbali hata nikaona aibu, ulifika.

Carnoustie, uwanja wetu uliofuata, sitaieleza sana, maana ilitupiga sote. Kijito cha Barry hujipinda kama nyoka kwenye shimo la 18, na hapo ndipo mwaka 1999 Jean van de Velde wa Ufaransa, akiwa anaongoza kwa mikwaju mitatu, alipotumia mikwaju saba, kisha Paul Lawrie wa Uskoti akatwaa ubingwa wa mashindano ya The Open kwenye mchujo wa watu watatu. Kwa miaka mingi nimeicheka picha ya Van de Velde akiwa amesimama kijitoni, suruali imekunjwa. Mimi nilitumia tisa.

Siku ya mwisho tulikuwa kwenye uwanja wa North Berwick. Kwenye shimo la 13 kuna ukuta wa mawe uliokatiza mbele ya grini, usiozidi kifua cha mtu, nao ni sehemu halali ya uwanja. Mkubwa wetu kwa umri, ambaye kufikia hapo alikuwa ameamini kabisa mafundisho ya kusukuma chini chini, alisukuma. Mpira uligonga jiwe, ukamrudia, ukampita kando ya mguu.

“Mzee,” nikamwambia, “kusi leo imegoma.”

“Nipe mpira mwingine, mwanangu,” akajibu, bila kugeuka.