Buibui wa ardhini kwenye machimbo yaliyopandwa mvinje: kumbukumbu ya mradi

Wiki ya 1. Machimbo ni ya mawe ya matumbawe, kaskazini ya Mombasa, na yamepandwa mvinje kwa mtindo ulioanza kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi mwaka 1971. Huko zilijaribiwa aina 26 za miti zikastahimili 3 tu, mvinje ukiwamo. Majani ya mvinje hayaozi upesi kwa wingi wa tanini (kemikali chungu ya mimea), ndiyo maana Bamburi waliingiza jongoo wakubwa wayatafune hadi udongo ukapatikana. Tunachofuatilia ni buibui gani hukaa chini kadiri udongo unavyoongezeka. Safu ni tatu: jiwe tupu, mvinje michanga, mvinje mikubwa. Kila safu ina mitego 8, mita 10 kati ya mmoja na mwingine.

Mtego ni vikombe viwili vya plastiki, mdomo sentimita 8, kimoja ndani ya kingine. Cha nje hakitoki ardhini, cha ndani ndicho huinuliwa. Ukingo uwe sawasawa na ardhi. Ukizidi hata milimita 3, buibui wadogo wanauzunguka. Kwenye jiwe tupu jembe halifai kitu, ni mtaimbo na patasi, kisha mwanya unazibwa kwa vumbi la mawe.

Wiki ya 2. Mitego imefunikwa, haitegi. Ardhi iliyotoka kuchimbwa huvuta wadudu, kwa hiyo mavuno ya siku za mwanzo hudanganya.

Wiki ya 3–4. Ndani ya kikombe: sentimita 3 za maji ya chumvi, gramu 300 kwa lita, na tone moja la sabuni isiyo na harufu. Bila sabuni buibui mwepesi huelea akatoka. Tuliacha siku 14, kosa: kwa joto hili matumbo yalianza kuoza. Sasa ni kila siku 7. Juu kuna kigae kilichoinuliwa sentimita 3 kwa vijiwe, na matundu ya sindano chini kidogo ya ukingo ili mvua isijaze kikombe. Tumbili wameng'oa vigae viwili. Jiwe zito limewashinda.

Wiki ya 5. Utambuzi. Buibui wa familia ya Lycosidae ni rahisi: macho manne madogo mbele, mawili makubwa juu yake, mawili nyuma. Usiku hung'aa mbele ya tochi ya kichwani. Gnaphosidae, familia nyingine ya buibui wa ardhini, hujulikana kwa vitoa nyuzi vya mbele, virefu kama mirija na vilivyoachana. Kufika kwenye spishi kunahitaji buibui mpevu na hadubini. Watoto tunawaishia kwenye familia. Madume ndiyo mengi kwa sababu huzurura kutafuta majike. Mtego hupima mwendo, si wingi, na wakati wa kuhesabu mezani hili husahaulika haraka.

Tunamtafuta pia opilioni, jamaa ya buibui ila si buibui: kiwiliwili kimoja kisicho na kiuno, macho mawili, hana uzi wala sumu. Hukauka upesi, kwa hiyo hatumtarajii kwenye jiwe tupu. Mitego pekee haimtoshi. Chini ya mvinje mikubwa tunachekecha majani ya mita moja ya mraba juu ya shuka jeupe, tundu la chekeche milimita 8. Akiguswa hujifanya mfu, basi subiri dakika kadhaa kabla ya kumwaga. Miguu hukatika ukimshika kwa kibanio. Mtie kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa brashi iliyolowa. Lebo ni ya penseli, ndani ya chupa. Wino huyeyuka.

Masika yakianza tunarudia safu zote tatu, mashimo yaleyale.